Nina njaa, j'ai faim: maneno kwa wanafunzi wapya wa Kifaransa

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Shahada ya Sanaa waliochagua Kifaransa

Mkuu wa idara, walimu wenzangu, wazazi mliofika kuwasindikiza vijana wenu, na ninyi wanafunzi mnaoanza mwaka wa kwanza: habari za asubuhi, na karibuni sana.

Nimeombwa niseme juu ya kusoma Kifaransa ndani ya Shahada ya Sanaa. Nimekifundisha Kifaransa, nimekitafsiri, na kabla ya hapo nilikaa kwenye viti kama hivyo mlivyokalia. Nina jambo moja kubwa la kuwaambia, na mengine yote yanalizunguka hilo. Mnapokwenda kwenye Kifaransa, ondokeni nyumbani. Anzieni kwenye Kiswahili. Msipitie Kiingereza.

Najua hamkutarajia kulisikia hilo hapa. Vitabu vyetu vingi vinaeleza sarufi ya Kifaransa kwa Kiingereza. Kamusi mliyonayo kwenye simu ni ya Kifaransa na Kiingereza. Mwalimu akikwama darasani anarukia Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia hapa chuoni. Taratibu mwanafunzi anazoea kuamini kwamba hakuna njia ya kufika kwenye Kifaransa isipokuwa ile inayopita London.

Mwaka mmoja nilikuwa nasahihisha jaribio la kwanza la muhula. Niliwataka wanafunzi wajitambulishe kwa sentensi chache: jina, umri, kwao wapi, wanajisikiaje siku hiyo. Karatasi ya kwanza: Je suis vingt ans. Ya pili: Je suis dix-neuf ans. Nikaendelea kufunua, nikafika kwa kijana mmoja aliyeandika Je suis faim. Nikaiweka kalamu chini. Kijana yule kazaliwa Tabora, kalelewa kwa Kiswahili, na tangu alipoanza kutamka maneno alikuwa akimwambia mama yake, "Nina njaa." Hajawahi hata siku moja kumwambia "Mimi ni njaa." Na Mfaransa naye hasemi hivyo. Mfaransa husema j'ai faim, nina njaa. Husema j'ai soif, nina kiu. J'ai sommeil, nina usingizi. J'ai vingt ans, nina miaka ishirini. Anayesema yeye "ni" njaa na yeye "ni" miaka ishirini ni Mwingereza. Kijana wa watu alikuwa na jibu sahihi mdomoni mwake tangu utotoni, akaliacha, akaenda kuazima kosa kwa jirani.

Kesho yake niliandika ubaoni safu mbili, Kiswahili kushoto, Kifaransa kulia. Kiingereza sikukiweka. Darasa likanyamaza. Kisha binti aliyekaa nyuma kabisa akasema, "Kumbe ni hivyo tu?"

Si hivyo tu, lakini ya namna hiyo ni mengi kuliko mnavyodhani, na naomba mnivumilie nionyeshe machache, kwa sababu hapa ndipo miaka yenu mitatu itakapookolewa au kupotea.

Chukueni sentensi "kitabu hiki ninakisoma." Ile "ki" imekaa wapi? Imekaa mbele ya "soma." Mfaransa anasema je le lis, na ile le imekaa mbele ya lis. "Nitampa": "m" iko mbele ya "pa." Je lui donnerai: lui iko mbele ya donnerai. Mwanafunzi anayetoka kwenye Kiingereza anakitupa kiwakilishi mwisho wa sentensi, anaandika je lis le, halafu tunampa sheria ya kukariri, na zoezi, na zoezi jingine. Wewe hukuhitaji sheria. Kila siku unasema ninakisoma, nimemwona, watatuletea.

Chukueni sifa. Tunasema kitabu chekundu, jina kwanza, sifa baadaye. Un livre rouge. Tunasema kitabu cha mwalimu. Le livre du professeur. Yako maneno machache mafupi yanayotangulia, kama petit, grand, beau na vieux, hayo mtayashika kwa mazoea.

Halafu kuna kile kinachowatisha watu mpaka mwaka wa tatu, kinachoitwa subjonctif. Nimeona wanafunzi wazuri wakikwepa kuandika insha ndefu kwa kuogopa kitu hicho tu. Sasa sikilizeni: "nataka aondoke." Hamkusema "nataka anaondoka." Mmegeuza kitenzi kikaishia na "e" bila kufikiri, kwa sababu jambo lenyewe halijatokea, ni la kutakwa. Je veux qu'il parte. "Lazima tuje": il faut que nous venions. Hata pale Kifaransa kinapokataa kugeuza kitenzi, mara nyingi na sisi tunakataa: tunasema "natumaini atakuja," wao wanasema j'espère qu'il viendra. Hatulingani kila mahali. Baada ya bien que wao hugeuza, sisi baada ya "ingawa" hatugeuzi. Wao wanasema je ne pense pas qu'il vienne, sisi "sidhani kama atakuja." Lakini mtu anayeanza akijua kwamba mnyama huyu anaishi pia nyumbani kwao, hamwogopi tena. Anabaki kujifunza tofauti chache.

Na jinsia za nomino! Kila mwaka lazima mwanafunzi aulize kwa nini meza ni la table na kitabu ni le livre, nani aliamua. Nami humuuliza, nani aliamua kiti kiwe kwenye KI-VI na mti uwe kwenye M-MI? Kiti kizuri kimevunjika. Viti vizuri vimevunjika. Mtoto wa miaka minne anapatanisha neno, sifa na kitenzi bila kukosea, na ngeli zetu ni nyingi. Mfaransa ana mbili. La chaise blanche est cassée. Les chaises blanches sont cassées. Ninyi ni mabingwa wa upatanisho, ninyi mnaomuogopa le na la! Ila msijifunze neno table peke yake. Jifunzeni la table, kama mlivyojifunza kiti pamoja na viti.

Nisiwadanganye, Kiswahili hakitawabeba mpaka mwisho wa safari. Yako mambo ambayo chenyewe ndicho kinachowaangusha. "Yeye" wetu hana jinsia, kwa hiyo mwanafunzi anaanza sentensi na ma mère, katikati anasema il, wala masikio yake hayamshtui. Hilo linahitaji kusahihishwa kila siku mpaka likome. Sauti ni shida nyingine. Kiswahili kina irabu tano, Kifaransa kina nyingi zaidi, na ile u yao sisi hatuna kabisa. Midomo iweke kama unasema "u," ulimi uuweke kama unasema "i." Mwanafunzi akiambiwa hivyo anacheka, anasema "u" ya kawaida, anaona imetosha. Haitoshi. Dessus ni juu, dessous ni chini, na kinachoyatenga maneno hayo mawili ni irabu hiyo peke yake. Ukimwelekeza mtu wapi pa kuweka sanduku la vioo kwenye kontena, irabu hiyo ndiyo itakayoamua kama vioo vitafika vizima.

Na maandishi yao hayafuati mdomo kama yetu. Parle, parles, parlent: maandishi matatu, sauti moja. Ndiyo maana tutawapa imla kila wiki mwaka huu wote. Mtaichukia. Nawaomba msiikwepe.

Sasa kuhusu muda, na hapa nitataja hesabu. Walimu wa Kifaransa kwa kawaida hukadiria kwamba mtu anayeanza sifuri anahitaji saa kama 500 hadi 600 kufika kiwango cha B2, yaani kiwango cha mtu anayeweza kusoma gazeti, kujadiliana na kuandika hoja zake. Tuseme mnapata saa nne darasani kwa wiki, wiki 15 kwa muhula, mihula sita. Zidisheni: saa 360. Hizo zilizobaki hakuna profesa atakayewapa. Mtazitafuta wenyewe, hostelini, kwenye daladala, wakati wenzenu wamelala.

Wengi huniuliza wazitafute wapi bila hela. Nitasema njia moja niliyoiona ikifanya kazi. Idhaa ya Kiswahili ya Radio France Internationale ilianza mwaka 2010, ikianzia hapa hapa Dar es Salaam. Redio hiyo hiyo ina taarifa ya habari ya dakika kumi kila siku kwa Kifaransa chepesi, Journal en français facile. Sikilizeni kwanza habari za siku kwa Kiswahili, mjue nini kimetokea, kisha sikilizeni Kifaransa. Habari mnayoijua tayari, maneno yake yanajifungua yenyewe. Fanyeni hivyo nusu saa kila siku kwa mwaka mmoja na mtakuwa mmeongeza saa zaidi ya 180, bila kulipa ada ya mtu.

Wazazi nao wana swali lao, na ni swali la haki: kama lengo ni kujua Kifaransa, si angeenda tu Alliance Française, kituo cha kufundishia Kifaransa, akafanya DELF, ule mtihani wa cheti cha Kifaransa? Angeweza. Na nawashauri wanafunzi wangu wafanye na mtihani huo pia. Lakini kinachosomwa hapa ni kingine. Shahada ya Sanaa inakupa Kifaransa pamoja na jambo la kukifanyia: historia, isimu, fasihi, Kiswahili chenyewe. Naona uchungu ninapomkuta mwanafunzi anasoma Kifaransa Jumatatu na Kiswahili Jumanne kama vile ni nyumba mbili zisizosalimiana.

Nendeni maktaba mkaombe kamusi ya Padri Charles Sacleux. Huyu alikuwa mmisionari Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyekaa Bagamoyo na Zanzibar. Mwaka 1891 alitoa kamusi ya Kifaransa kwa Kiswahili, na mwaka 1939 ikaanza kutoka Paris kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa, kurasa zaidi ya elfu moja. Mle ndani kuna maneno ya Kiamu, ya Kimvita, ya Unguja, ya Ngazija. Maneno ya mabaharia na ya wavuvi. Na maneno mengi ameyaeleza yametoka upande gani wa pwani. Ni hazina ya lugha yetu, na maelezo yote yako kwa Kifaransa. Mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili asiyejua Kifaransa atasikia ikitajwa na wengine tu.

Kwa wale wa historia, ulizeni kuhusu Belbase, yaani maeneo ya Wabelgiji kwenye bandari zetu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza iliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam wapitishie mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi, kwa mkataba wa mwaka 1921, na kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Baada ya uhuru serikali ya Mwalimu Nyerere ilikataa kufungwa na mkataba huo. Hiyo ni historia yetu, ya ardhi yetu, na nusu ya karatasi zake ziliandikwa na watu waliofanya kazi kwa Kifaransa. Mtanzania gani atakwenda kuzisoma? Natamani awe mmoja wenu.

Niende Arusha sasa. Mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1994 ilikaa Arusha mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Lugha zake za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, lakini mashahidi wengi walikuja na Kinyarwanda chao. Kwa hiyo ushahidi ulipitishwa hivi: shahidi anasema kwa Kinyarwanda, mkalimani mmoja anageuza kwa Kifaransa, na mkalimani mwingine, ambaye Kinyarwanda hakisikii, anakipokea kile Kifaransa kwenye vipokea sauti na kukigeuza Kiingereza. Kilichofika kwa jaji wa Kiingereza kilikuwa kimepita midomo mitatu.

Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa bourgmestre, yaani meya, wa komini ya Taba, hukumu ilitolewa Septemba 2, 1998, na ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Ndani ya hukumu hiyo majaji walitenga sehemu kueleza shida ya lugha na maana ya maneno ya Kinyarwanda yaliyosikika kizimbani: inyenzi, inkotanyi, ibyitso, hata vitenzi ambavyo wanawake walivitumia kueleza walivyobakwa. Inyenzi ni mende. Lakini mtu akisimama mbele ya umati, mwezi Aprili 1994, akatamka neno hilo, alimaanisha nani, na waliomsikia walielewa wafanye nini? Mkalimani alikuwa na muda mfupi tu wa kuamua. Nikiwafundisha ukalimani huwa naanza na kesi hiyo, nikitaka mwanafunzi ajue uzito wa kilichopo mdomoni mwake kabla hajajifunza mbinu hata moja.

Na ndiyo maana nasema msipitie Kiingereza. Kila lugha ya tatu inayosimama katikati inatoza ushuru wake. Pale Arusha ililazimika, kwa sababu wa kuvuka moja kwa moja hawakutosha. Lakini leo nakuta maelezo ya dawa, mikataba ya mizigo, fomu za wakimbizi, vinavyotolewa kwenye Kifaransa na kupelekwa Kiingereza, kisha kutoka Kiingereza kuletwa Kiswahili, kana kwamba Mkongo na Mtanzania hawawezi kusalimiana bila Mwingereza kuwepo. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia 2022. Kongo lugha rasmi ni Kifaransa, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zao nne za taifa. Nendeni Bukavu, Goma, Lubumbashi. Mtoto wa huko anaamka na Kiswahili nyumbani, anakwenda shule anakuta Kifaransa, jioni anarudi kwenye Kiswahili, na hajui kwamba kuna mtu anadhani Kiingereza kinatakiwa kikae katikati. Yeye ndiye mwalimu wenu kuliko mimi.

Somo hilo nililipata kwa gharama. Nikiwa mwaka wa tatu nilipelekwa mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Siku moja mteja alipiga simu kutoka Bujumbura, mtu mtulivu, Kifaransa safi. Akataja idadi ya maboksi: nonante-quatre. Mimi vitabu vyangu vilinifundisha kwamba tisini ni quatre-vingt-dix, nne mara ishirini ongeza kumi. Nonante sikuwahi kuisikia. Nikaamini amesema quarante-quatre, nikaandika 44. Maboksi yalikuwa 94. Mzee aliyekuwa akinisimamia, mtu wa Kigoma asiye na cheti chochote cha Kifaransa, alilinganisha na karatasi za mzigo, akaniita pembeni. Akaniambia, "Mwanangu, hawa wanahesabu Kibelgiji. Sabini ni septante, tisini ni nonante. Wewe umesoma Kifaransa cha Paris, mzigo unakwenda Bujumbura." Nilimshukuru mzee yule, na mpaka leo siku ya kwanza ya somo la namba nafundisha zote mbili.

Kuhusu kazi nitasema wazi. Kifaransa peke yake, bila kitu cha kukishika mkono, hakimlishi mtu kirahisi. Kifaransa na ualimu kinalisha. Kifaransa na utalii kinalisha, waulizeni waongozaji wa Arusha na Zanzibar wanaopokea Wafaransa. Kifaransa na forodha, na sheria, na uandishi wa habari. Ukalimani unalipa kuliko vyote hivyo na unataka ustadi kuliko vyote hivyo. Na Kifaransa pamoja na Kiswahili kizuri, narudia, kizuri, cha mtu anayejua kuandika lugha yake, wenye hivyo viwili bado ni wachache kuliko kazi iliyopo.

Darasa letu la kwanza ni kesho saa mbili asubuhi. Kwenye ratiba mtaona imeandikwa 8h, huit heures, kwa hiyo asije mtu saa nane mchana. Msinunue kitabu bado. Leo, kuanzia sasa mpaka mnalala, kila mmoja aandike sentensi kumi za Kiswahili alizozitamka kweli kwa mdomo wake: kwenye foleni ya chakula, kwenye simu na mama, mkigombania kitanda cha chini hostelini. Ziandikeni kama mlivyozisema. Njooni nazo, tutaziweka ubaoni upande wa kushoto.